Mafuta, Chokaa na Mvua za Masika: Namna ya Kuzihifadhi Mbao Zilizo Nje ya Nyumba

Katika miji yetu ya pwani, tangu Lamu mpaka Mtwara, imeenea siku hizi tamaa ya kuizungusha nyumba wigo wa mbao badala ya ukuta wa matofali, na kujenga mbele ya mlango, au juu ya mchanga uelekeao bahari, baraza pana ya mbao iliyo mfano wa sitaha ya jahazi, ambapo mwenye nyumba na wageni wake huketi jioni kupunga upepo. Ni tamaa njema, maana mbao huliburudisha jicho, na hazihifadhi joto la mchana kama saruji ihifadhivyo. Walakini aghalabu ya kazi hizo hupatwa na msiba wa namna moja. Mwezi wa kwanza mbao hung'ara kwa vanishi hata mpita njia akasimama kuzitazama. Masika ya kwanza yakipita, utando ule hupauka, hutoa malengelenge, hukatika vipande na kubanduka. Na masika ya pili hayajaisha, nguzo moja au mbili zimekwisha kulegea miguu. Hapo lawama humwangukia seremala, au mwuza mbao, au bahari yenyewe na chumvi yake. Mimi sidhani kuwa hao ndio wenye taksiri. Taksiri ni ya fikira moja tuliyoipokea pamoja na kopo la vanishi, kwamba ubao hulindwa kwa kufungiwa ndani ya ngozi ing'aayo, mara moja, kisha ukaachwa. Na fikira hiyo waunzi wa vyombo wa pwani hii wasingaliikubali hata siku moja, kwa kuwa wao walijua kwamba ubao ulio katika maji na jua hauhitaji ngozi, bali wahitaji kulishwa, na kulishwa huko kuna majira yake kama kulima na kuvuna.

Yafaa kwanza kufahamu ni kitu gani kiuacho ubao, maana wengi hudhani ni umri. Kaburi la Tutankhamun, mfalme wa Misri, lilipofunguliwa na Howard Carter mwaka 1922, vilikutwa ndani yake viti, vitanda na masanduku ya mbao ambayo yalikuwa na umri wa zaidi ya miaka 3,200, na viungo vyake vingali vimeshikana. Umri haukuvidhuru kwa sababu hapakuwa na maji. Kiuozeshacho ubao ni kuvu, nayo haiwezi kuula ubao mkavu: maadamu maji yaliyomo ndani yake hayazidi gramu 20 katika kila gramu 100 za ubao uliokauka kabisa, kuvu haipati riziki. Katika hewa ya pwani, chini ya paa, ubao hutulia wenyewe katika kiasi cha 14 mpaka 16, na ukiachwa hapo waweza kumfaa mjenzi, na mwanawe, na mjukuu wake. Lakini maji ya mvua yakiingia yakakosa njia ya kutoka, kiasi kikapanda kupita 28 au 30, ambapo kuta za chembe za mti zimekwisha shiba, hapo ndipo uozo uanzapo, nao huanzia mahali pasipoonekana: ndani ya tundu la msumari, katika ncha ya ubao iliyokatwa, na katika mguu wa nguzo palipo udongo.

Jua lina kazi nyingine. Miale yake ya urujuanimno, isiyoonekana kwa macho, huvunja lignini, ambayo ndiyo gundi inayozishikanisha nyuzi za mti. Mvua inyeshapo huiosha gundi iliyovunjika na kuacha juu nyuzi tupu zenye rangi ya kijivu. Watu wengi huiogopa rangi hiyo kuliko inavyostahili. Katika nchi za baridi imepimwa kwamba mbao laini zilizoachwa wazi bila rangi hupoteza unene wa takriban milimita 6 tu kwa kila miaka 100 kwa sababu ya jua na mvua, na ijapokuwa jua letu ni kali kuliko lao, kijivu bado si ugonjwa, ni ngozi ya juu tu. Kinachodhuru ni zile nyufa nyembamba ambazo jua huzifungua baada ya kuukausha uso hali ndani kungali na unyevu, maana kila ufa ni mlango wa mvua ijayo. Kisha wako mchwa, ambao hawahitaji kuelezwa kwa mtu wa Afrika Mashariki; ila yafaa ikumbukwe kwamba nao pia hupenda unyevu, na ya kuwa huja kutoka ardhini kwa njia zao za udongo, hivyo ubao usiogusana na ardhi umekwisha kupata nusu ya hifadhi yake kabla ya tone moja la dawa.

Atakaye kujua namna ya kuulinda ubao na maji, na asisome karatasi ya kopo la rangi, na alisome tumbo la jahazi. Chombo huundwa kwa mbao zitakazokaa majini usiku na mchana, na adui wake mkubwa ni kiumbe mwenye umbo la mnyoo ambaye kwa asili ni jamaa ya chaza na kombe, aingiaye katika ubao angali mchanga kwa tundu ambalo jicho halilioni upesi, kisha akakua ndani huku akichimba, mpaka ubao ukabakia mvungu hali uso wake wa nje u mzima. Kwa hofu yake, sehemu yote iliyo chini ya maji ilipakwa deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu ikapigwa hata ikawa laini, nayo ndiyo iliyolifanya tumbo la jahazi kuwa jeupe. Deheni haikukusudiwa kudumu. Mawimbi yaliila kidogo kidogo, na baada ya miezi chombo kilipandishwa pwani wakati wa bamvua, kikaegemezwa kwa magogo, kikakwanguliwa. Makuti makavu yakawashwa na miali yake ikapitishwa chini ya tumbo ili joto liwaue waliojificha ndani. Nyufa zikakalafatiwa upya kwa pamba iliyoloweshwa mafuta. Kisha deheni mpya ikapakwa kwa mikono mitupu. Hakuna aliyesema kwamba deheni ya mwaka jana ilikuwa mbovu kwa kuwa imekwisha. Kuisha ndiko kulikokuwa kazi yake, maana ililiwa yenyewe badala ya ubao.

Juu ya mstari wa maji, penye jua na upepo, kazi ilikuwa ya sifa, mafuta yatokayo katika maini ya papa, ambayo harufu yake humtangulia mwenye kuyabeba na kumfuata akisha kupita. Sifa ilipakwa juu ya mbao za ubavuni, juu ya sitaha, juu ya mlingoti na foromali, nayo haikukaa juu kama utando. Iliingia ndani ya nyuzi na kuzijaza nafasi ambazo maji yangaliweza kuzitumia, na ilipopungua hapakuwa na kitu cha kubandua wala cha kupigia msasa: ilipakwa nyingine juu ya ile. Liko jambo jingine ambalo mabaharia wa mataifa mengi walilijua, nalo humshangaza mtu wa bara, kwamba sitaha iliogeshwa kwa maji ya bahari kwa kusudi, na mvua ndiyo iliyoogopwa, maana chumvi huizuia kuvu, na maji matamu huilisha. Mwenye baraza ya mbao ufukoni asiwe na wasiwasi juu ya povu la bahari likirukia mbao zake. Wasiwasi wake na auweke kwenye misumari, kwa kuwa chumvi isiyoudhuru ubao huula msumari wa chuma mpaka ukabaki kutu.

Sasa tuulize kwa nini vanishi, ambayo ndani ya nyumba ni pambo lisilo na lawama, hushindwa nje. Ubao haukai na kipimo kimoja; hunywa unyevu ukafura, hukauka ukasinyaa, na kwa upana wake, kwa kufuata mviringo wa pete za mti, husinyaa kiasi cha mara mbili ya usinyaavyo kuelekea kiini. Utando wa vanishi ukiwa mpya hunyumbuka pamoja nao, lakini jua huukausha na kuuondolea unyumbufu, na siku moja ubao ukafura nao ukapasuka. Kupitia ufa ule, ambao mwenye nyumba haujui, maji huingia upesi na hutoka polepole, maana pande zote nyingine zimefungwa. Na hivyo kitu kilichopakwa ili kuzuia maji kikawa chombo cha kuyahifadhi. Zaidi ya hayo, vanishi iliyo safi kama kioo huipitisha miale ya jua mpaka chini, lignini ikavunjika chini ya utando uliokuwa bado mzima, na utando ukakosa cha kushikilia. Basi hubanduka wenyewe kwa mapana, na kazi ya kuukwangua wote ili kuanza upya ni ghali kuliko kazi ya kwanza.

Dawa ya jua ni rangi ya unga uliochanganywa ndani ya mafuta, na unga uliofaa kuliko yote tangu dahari ni ule mwekundu au wa hudhurungi utokanao na kutu ya chuma, kwa sababu huzuia miale ile isifike kwenye nyuzi na wala wenyewe haupauki. Waswidi waliugundua uzuri wake katika machimbo ya shaba ya Falun, ambayo mabaki yake ya udongo wenye chuma waliyasaga, wakayapika na maji, unga wa ngano nyeusi na mafuta kidogo ya kitani, wakapata rangi nyekundu isiyong'aa ambayo imezipaka nyumba za mbao, mabanda na nyua za nchi nzima, na ambayo ingali yauzwa ijapokuwa machimbo yenyewe yalifungwa mwaka 1992. Rangi ile haibanduki kwa mapana. Huchakaa kwa kugeuka vumbi, mwenye nyumba akaipiga brashi ngumu, akapaka tena. Marekani nako, katika maabara ya mazao ya misitu iliyoanzishwa Madison, Wisconsin, mwaka 1910, wataalamu wa miaka ya 1950 waliandaa mchanganyiko wa mafuta ya kitani, nta, dawa ya kuvu na unga wa rangi, wenye kupenya ndani ya ubao na kuuacha mchirizi wake uonekane. Wala jambo hilo si geni katika pwani yetu, ambapo magome ya mkandaa na mikoko mingine, yaliyojaa tanini, yalitumika kutia rangi ya damu ya mzee, na kundi hilohilo la miti likatoa boriti.

Nimezitaja boriti, na siwezi kuzipita bila neno. Alan Villiers, baharia wa Australia aliyesafiri katika jahazi la Kuwait mwaka 1938 na 1939, na kuyaandika aliyoyaona katika kitabu chake Sons of Sindbad, alifika nalo katika delta ya Rufiji ambapo lilipakia boriti za mikoko za kwenda kuezekea nyumba za Ghuba. Na nyumba za mawe za Lamu zimekuwa na vyumba virefu vyembamba kwa sababu upana wa chumba hauwezi kuupita urefu wa boriti iwezayo kubeba dari. Chini ya dari, pasipo mvua, boriti imedumu kuliko majina ya walioikata. Ukiichukua boriti hiyohiyo ukaichimbia kuwa nguzo ya wigo katika udongo wenye majimaji, hutaiona vivyo. Mti ni mmoja; makazi ndiyo yaliyobadilika.

Hata hivyo miti haikuumbwa sawa. Mvule, mninga, mbambakofi na msaji ina ndani ya moyo wake mafuta na dawa za asili ambazo kuvu na mchwa hawazipendi, na mwenye uwezo wa kuipata kwa njia ya halali na leseni hana haja ya dawa, ila mafuta ya kuulinda uso tu. Lakini sifa hiyo ni ya moyo wa mti peke yake, na ule ubao mweupe wa kando, ambao wauzaji huuchanganya bila kuona haya, huoza upesi kama ubao wowote. Mvule una tabia ya kuficha ndani yake vipande vigumu vya mawe ya chokaa vinavyovunja meno ya msumeno, na pamoja na msaji huchelewesha kukauka kwa mafuta yapakwayo juu yake, hivyo mafundi wazoefu huupangusa kwanza kwa tina. Msaji wa mashamba, wa Mtibwa au Longuza, ukivunwa mchanga hauna nguvu ya ule mzee wa misituni, na bei yake yapasa iseme hivyo.

Wengi wetu tutanunua msonobari wa Sao Hill, kule Mufindi, au ndugu zake wa mashamba mengine ya nyanda za juu, na msonobari bila dawa ni chakula. Dawa iliyoenea duniani ni ile ya shaba, kromiamu na aseniki iliyovumbuliwa na mwanasayansi wa Kihindi, Sonti Kamesam, mwaka 1933, ambayo husukumwa ndani ya ubao kwa mgandamizo katika pipa kubwa la chuma na kuuacha na rangi ya kijani, kama nguzo za mikaratusi zibebazo nyaya za umeme. Kwa ajili ya aseniki, Marekani iliacha kuitumia kwa mbao za majumbani mwishoni mwa mwaka 2003, na badala yake zikashika nafasi dawa za shaba zisizo na aseniki. Mnunuzi na afanye jambo moja dukani: akate ncha ya ubao na kuangalia kijani kile kimeingia kiasi gani, maana ubao uliochovywa tu rangi usoni hufanana na ule wa pipa mpaka ukatwe. Na vipande vitakavyobaki baada ya kazi visiende jikoni. Aseniki haiungui; hupanda na moshi na hubakia katika majivu, na sioni njia mbaya zaidi ya kuokoa bei ya mkaa.

Imenibidi niseme pia juu ya oili chafu, ile iliyotolewa katika injini za magari, ambayo kila mtaa una fundi aiaminiye kama dawa ya mchwa. Nakubali kwamba ni rahisi, na kwamba ubao uliopakwa nayo huonekana mweusi wa kupendeza kwa muda. Lakini haikauki, basi hushika nguo za watoto na vumbi la barabara, haipenyi mbali, ina madini mazito yaliyokwanguliwa katika vyuma vya injini, ambayo mvua huyashusha katika udongo wa bustani na pengine katika kisima, na siku utakapotaka kupaka kitu bora hakitashika juu yake. Mafuta ya nazi nayo, ijapokuwa yana heshima zake nyingine, hayakauki pia. Kama mtu wa Mtwara au Lindi ataka kitu cha kwao, na afikiri juu ya mafuta ya maganda ya korosho, ambayo katika nchi zilimazo mikorosho yametumika kupaka mbao na vyombo, na wadudu huyachukia. Ila ayashike kwa glovu, kwa kuwa huunguza ngozi na kutoa malengelenge, na binadamu ni mmoja wa viumbe ambao mafuta hayo yaweza kuwadhuru.

Ujenzi wenyewe una sehemu kubwa kuliko rangi. Ncha ya ubao hunywa maji kwa wepesi usio na kifani ukilinganishwa na ubavu, kwa kuwa mishipa ya mti imefunguliwa hapo. Basi kila ncha iloweshwe mafuta au dawa mpaka ikatae, na kichwa cha nguzo kikatwe mshazari au kivikwe kofia. Mguu wa nguzo usizikwe ndani ya kikombe cha zege kinachoshika maji. Ni afadhali ukae juu ya kiatu cha chuma kilichopakwa zinki, vidole viwili juu ya ardhi, au, kama lazima uzikwe, pawe na kokoto chini yake. Mbao za baraza ziachiwe nafasi ya milimita 5 au zaidi kati yao ili maji yashuke na hewa ipande, na chini yake pabaki wazi, pasigeuzwe ghala la magunia. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, maana chuma cha kawaida kikikutana na tanini ya mninga huandika michirizi myeusi ambayo hakuna msasa uifikao.

Ama wakati wa kupaka, mimi ningechagua kipupwe, kati ya Juni na Agosti, masika yakisha pita na mbao zikipata majuma kadhaa ya kusi kuzikausha. Kaskazi ya Januari nayo ni kavu, ila jua lake huyagandisha mafuta juu ya ubao kabla hayajapata nafasi ya kuingia, hivyo atakayeitumia na apake alasiri upande wenye kivuli. Ubao uoshwe kwa brashi na sabuni, uachwe ukauke, kijivu kiondolewe kwa msasa mnene, si laini, kwa kuwa uso uliolainishwa mno haunywi. Mafuta ya kitani yaliyopikwa, yenye unga wa rangi na dawa ya kuvu, maana bila dawa hiyo hewa yetu ya joto huyafanya malisho ya ukungu mweusi, yapakwe kwa mkono mwepesi mara mbili au tatu, na yaliyobakia juu baada ya dakika 15 au 20 yapanguswe yasije yakaganda na kunata. Mwaka wa kwanza ubao utaomba tena mapema. Baadaye dalili ni rahisi: maji yanyunyizwapo yakisimama kwa matone, subiri, yakinywewa na ubao ukawa mweusi, lete brashi.

Hadhari iliyobaki ni ya vitambaa. Mafuta ya kitani hukauka kwa kuvuta oksijeni, na kuvuta huko huzaa joto, ambalo juu ya ubao hupotea hewani lakini ndani ya kitambaa kilichokunjwa hukusanyika mpaka kikawaka chenyewe bila kiberiti. Tarehe 23 Februari 1991, mjini Philadelphia, vitambaa vya namna hiyo vilivyoachwa na mafundi waliokuwa wakisafisha mbao viliwasha jengo la One Meridian Plaza, lenye ghorofa 38, na wazima moto 3 wakafa. Basi vitambaa vikisha kazi vitandazwe kimoja kimoja juu ya kamba uwanjani mpaka vikauke na kuwa vigumu, au vizamishwe katika ndoo ya maji yenye kifuniko. Na ndoo hiyo isiachwe chini ya baraza mpya.